Pikipiki Isiyo na Haraka

Anayetoka katikati ya Nairobi kuelekea magharibi siku hizi ana barabara mbili zilizobebana. Ya juu ni Nairobi Expressway, kilomita 27 kutoka Mlolongo hadi Westlands, iliyofunguliwa kwa umma Mei 2022. Ukilipa ada yako kwenye kizuizi, unapita juu ya vichwa vya watu na kushuka karibu na barabara ya James Gichuru bila kuonana na yeyote. Ya chini ni ile ile ya siku zote: Uhuru Highway, Museum Hill, Westlands, Kangemi, na matatu zinazosimama popote zinapoitwa. Pikipiki hairuhusiwi kupanda juu. Ilikatazwa tangu mwanzo, pamoja na tuktuk. Wengi waliiona marufuku hiyo kuwa dharau kwa wasio na gari, na siwezi kusema wamekosea. Lakini leo nataka kuigeuza upande wa pili. Hoja yangu ni kwamba safari ya starehe kwa pikipiki, ile ya polepole ambayo Waingereza wameijengea sifa katika vijiji vyao, haihitaji pikipiki ya bei mbaya wala tikiti ya ndege. Inahitaji vitu viwili tu: barabara ambayo wenye haraka wameiacha, na kando ya barabara hiyo kitu cha kutazama. Nairobi ya magharibi inavyo vyote viwili hivi leo. Cha kwanza kinazidi kuongezeka kila barabara mpya inapofunguliwa. Cha pili kinatutoka mikononi, na hapo ndipo ninapotaka kufika.

Tuanze na hao Waingereza, maana sifa yao ina historia inayoeleweka. Mtu anapoisikia safari ya pikipiki katika mashamba ya Uingereza, anawaza nyumba za mawe ya rangi ya asali kule Cotswolds, au vile vinjia vya Devon vilivyodidimia kati ya kingo za ua, vyembamba kiasi kwamba magari mawili yakikutana moja hurudi nyuma. Anadhani uzuri huo uko hapo tangu Adamu, na kwamba watu waliuzunguka kwa pikipiki kwa sababu wana mapenzi ya asili na vijiji. Ukweli ni kwamba vinjia hivyo vilikuwa barabara za kazi kwa karne nyingi: za mikokoteni, ng'ombe, maziwa na barua. Vilianza kuwa vya starehe pale kazi ilipohamia kwingine. Kipande cha kwanza cha barabara kuu ya mwendo kasi nchini humo kilifunguliwa karibu na Preston Desemba 1958. Mwaka uliofuata ikafunguliwa sehemu ya kwanza ya M1. Malori na watu wa biashara wakahamia huko. Barabara za zamani, baadhi zikiwa zimefuata njia walizozichonga Warumi, zikabaki na wenyeji, matrekta, baiskeli, na mtu wa pikipiki ambaye hana saa ya kufika. Kwa maneno mengine, aliyemwachia nafasi mtu wa polepole ni mhandisi aliyejenga kwa ajili ya mtu wa haraka.

Na pikipiki yenyewe kule haikuanza kama chombo cha starehe. Kati ya vita viwili vya dunia, na hata miaka ya 1950, fundi wa kiwandani asiyeweza kununua gari alinunua pikipiki, akaifunga kigari cha pembeni, akampakia mke na watoto. Ilikuwa gari la maskini. Ilipofika 1959 na gari dogo la Mini likaingia sokoni, familia nyingi zikahamia kwenye magurudumu manne, na pikipiki ikabaki na wale walioipenda yenyewe. Nalisema hili kwa sababu hapa kwetu tunazungumza kana kwamba kuna pikipiki za namna mbili zisizohusiana kabisa: nduthi ya kazi na pikipiki kubwa ya Jumapili. Kenya iko mahali ambapo Uingereza ilikuwa kabla ya 1959. Serikali ilipoondoa kodi ya VAT kwenye pikipiki za chini ya cc 250 mwishoni mwa miaka ya 2000, bodaboda ilienea kutoka mipakani Busia hadi kila steji ya nchi, na mamilioni ya Wakenya wakapata chombo cha moto kwa mara ya kwanza katika ukoo wao. Chombo hicho kimebeba abiria, magunia, magodoro, kuku, hata jeneza. Jambo ambalo bado halijatupitia akilini ni kwamba chombo hicho hicho, Jumamosi asubuhi, kinaweza kumbeba mwenyewe bila mzigo na bila mteja, kwenda mahali asipokuwa na shughuli.

Basi mahali penyewe ni wapi? Hapa naomba mnivumilie, maana hapa ndipo penye utamu. Ramani ya magharibi na kaskazini-magharibi mwa Nairobi inaeleweka ukijua jambo moja: ardhi imekunjwa. Mito inashuka kutoka nyanda za Limuru kuja jijini, na kati ya mto na mto kuna mgongo mrefu wa ardhi. Koo za Wakikuyu ziliishi kwa kufuata migongo hiyo, na barabara za zamani ziliwafuata watu. Lower Kabete Road, Limuru Road, barabara ya Banana, ya Red Hill, zote zinapanda pamoja na mgongo, taratibu, zikipinda panapopinda ardhi. Barabara mpya zinafanya kinyume. Western Bypass, kutoka Gitaru kupitia Wangige hadi Ruaka, inaikata migongo hiyo kwa kuipasua na kuijazia mabonde, ili dereva asijue kama alivuka mto. Mwenye haraka ananufaika sana, na hilo ni haki yake. Lakini mtu wa pikipiki aliyeondoka Westlands kwa Lower Kabete Road, akapita Spring Valley na Kenya School of Government, anafika Wangige akiwa amekwisha kuisikia ardhi kwa gia: hapa ya nne, hapa ya tatu, hapa injini inalalamika kidogo kwa sababu hewa inazidi kuwa nyepesi. Wangige ni soko la mayai, trei juu ya trei, na kuna mahali pa kunywa chai. Juu yake njia zinaendelea kuelekea Nyathuna na Ngecha, kijiji kilichotoa wachoraji wengi kuliko ukubwa wake, kisha Limuru. Kutoka katikati ya jiji mpaka hapo umepanda zaidi ya mita 500. Jaketi uliyoivaa kwa aibu mjini sasa inakufaa.

Kutoka Limuru ukishuka Tigoni unaingia kwenye chai. Miche ya kwanza ya chai nchini Kenya ilipandwa Limuru mwaka 1903, na ile kijani inayometa unayoiona leo ndiyo mwanzo wa zao lililotulisha kwa zaidi ya karne moja. Mtu wa gari huiona kwa kioo, kwa muda wa dakika tano. Mtu wa pikipiki huinusa, hasa ikiwa mvua imenyesha usiku, na anasikia wachumaji wakizungumza. Lakini sitaki mtu adhani ninamwalika akatazame mandhari tu. Kuelekea mwaka 1940 serikali ya kikoloni iliwahamisha Wakikuyu waliokuwa wakiishi Tigoni, ikawapeleka Lari, ili eneo hilo libaki la walowezi pekee. Ardhi ya Lari nayo ilikuwa na watu waliojua kuwa ni yao. Ugomvi huo ulikuwa miongoni mwa sababu za mauaji ya Lari ya usiku wa tarehe 26 Machi 1953. Kutoka Tigoni hadi Lari kwa barabara za kawaida ni mwendo mfupi, na katikati yake kuna Limuru na Kamiriithu, alikozaliwa Ngũgĩ wa Thiong'o mwaka 1938, na ambako wakulima na wafanyakazi walijenga jukwaa lao la wazi na kuigiza mchezo mwaka 1977 mpaka serikali ikaufungia. Jukwaa lenyewe lilibomolewa 1982. Ukiyapita haya yote kwa kilomita 110 kwa saa, utasema umepita kwenye mashamba mazuri. Kwa kilomita 40, utaanza kuuliza kwa nini upande mmoja wa barabara mashamba ni mapana na nyumba ziko mbali, na upande mwingine vipande vya ardhi ni vyembamba na mabati yamegusana. Historia ya nchi hii imechorwa kwenye mipaka ya mashamba, na mwendo ndio unaoamua kama utaisoma.

Upande wa kusini-magharibi hadithi ni nyingine. Dagoretti Road kutoka Karen inakwenda Dagoretti Market, inapita Thogoto penye kanisa la Torch la wamisheni wa Scotland, na kufika Kikuyu, karibu na shule ya Alliance iliyoanzishwa 1926. Hapo Kikuyu kuna bwawa la Ondiri, kinamasi kilichofunikwa na majani yanayotikisika ukiyakanyaga, na ndipo Nairobi River inapoanzia, ule mto ambao jijini tunaujua kwa harufu. Mtu aliyeuona mto huo ukiwa safi huko juu hataweza kuutazama tena vile vile kule jijini, pale Globe. Na kuna Magadi Road, ambayo nadhani ndiyo bora kuliko zote: Ongata Rongai, Kiserian, Corner Baridi, halafu ardhi inakatika. Kutoka Corner Baridi hadi ziwa Magadi barabara inateremka zaidi ya mita 1,200. Mlima mrefu kuliko yote Uingereza, ukiacha Scotland na Wales, ni Scafell Pike, wenye mita 978. Kwa hiyo mtu wa Rongai akiwa na nduthi na nusu siku anateremka kimo ambacho nchi ile haina. Njiani iko Olorgesailie, ambako Mary na Louis Leakey walichimba kuanzia 1942 na kukuta maelfu ya shoka za mawe zimelala pale pale zilipoachwa. Zinaonyeshwa chini ya paa, uwanjani, bila kioo.

Sasa pingamizi, na la kwanza ni zito. Pikipiki inaua. Takwimu za mamlaka ya usalama barabarani, NTSA, zinaonyesha kwamba kila mwaka tangu 2021 zaidi ya watu 4,000 wamekufa barabarani nchini Kenya, na baada ya watembea kwa miguu kundi linalofuata ni la waendesha pikipiki. Je, ni busara kuwaambia watu wapande chombo hicho kwa kujifurahisha? Ninalichukua swali hili kwa uzito wake, na jibu langu halianzi kwa kukanusha. Ninasema kwamba hatari ya pikipiki haikugawanywa sawasawa. Nguvu ya mgongano hukua kwa mraba wa mwendo: mwili unaokwenda kilomita 80 kwa saa una nguvu mara nne ya ule unaokwenda 40. Tofauti kati ya gari na pikipiki ni kubwa zaidi penye barabara kuu, ambako lori la tani nyingi na nduthi hugawana njia moja, na ni ndogo kidogo kwenye barabara ambayo kila mtu anaogopa tuta linalofuata. Uchambuzi uliokusanya tafiti za nchi nyingi ulionyesha kwamba kofia ya pikipiki hupunguza vifo vya waendeshaji kwa takriban asilimia 42 na majeraha ya kichwa kwa asilimia 69. Hiyo ni kofia inayofungwa kidevuni, siyo ile inayoning'inizwa kwenye mkono wa usukani kwa ajili ya polisi. Mtu wa starehe ana faida moja ambayo bodaboda hana: hapotezi pesa akipunguza mwendo. Mteja hamsukumi, na hakuna deni la siku la kumpelekea mwenye pikipiki jioni. Anaweza kuondoka mapema, akangoja mvua ipite, akakataa kuendesha usiku.

Kwa sababu hiyo hiyo kuna barabara maarufu ambayo siiweki kwenye orodha yangu, nayo ni ile ya kuteremka kwenda Mai Mahiu. Najua wengi watashangaa. Ilijengwa na wafungwa wa vita wa Kiitaliano wakati wa vita vya pili vya dunia, na kanisa dogo walilolijenga chini ya mteremko mwaka 1942 bado lipo. Kwa historia na mandhari ingestahili kuwa ya kwanza. Lakini ndiyo njia ya malori yanayokwenda Uganda, Rwanda na Kongo, na lori lililopata moto kwenye breki halichagui. Barabara ya zamani ambayo wenye haraka hawajaiacha si ya zamani kwa maana ninayoitetea hapa. Ni nzee tu. Upanuzi wa barabara ya kutoka Rironi hadi Mau Summit ulizinduliwa Novemba 2025. Kipande cha Rironi, Mai Mahiu hadi Naivasha kimo ndani yake. Tungoje tuone utaacha nini pembeni.

Niongeze neno kuhusu wenzetu wa pikipiki kubwa wanaofika Magadi Road kwa makundi asubuhi ya Jumapili. Sina ugomvi na makundi. Yapo ya kila namna, na kina dada wa Inked Sisterhood wamesaidia sana kuvunja ile dhana kwamba mwanamke anapanda pikipiki kwa nyuma tu. Ugomvi wangu ni na yule anayeitumia barabara iliyonyooka baada ya Kiserian kama kiwanja cha kupimia injini. Amelipa pesa nyingi kununua haraka, kisha ameileta mahali pekee palipobaki bila haraka. Mchungaji wa Kimaasai na mbuzi zake hawakuja kwenye mashindano. Na mwendeshaji mwenyewe, ukimuuliza jioni alipita wapi, atakutajia mwendo aliofikisha.

Pingamizi la pili linasikika zaidi kwa sauti ya chini, kwa kuguna. Starehe gani hiyo, na vijana hawana kazi? Kijana wa Kawangware anayeamka saa kumi na moja kutafuta shilingi mia moja za kwanza, umwambie akazunguke Tigoni kutazama majani? Hii ni starehe ya wazungu na ya watu wa Karen. Hapa nadhani tunawapa wazungu kitu ambacho hawakuwa nacho. Hata kule Uingereza haki ya kwenda mashambani kujifurahisha haikutolewa na matajiri; ilidaiwa na watu wa viwandani. Tarehe 24 Aprili 1932 mamia ya wafanyakazi wa Manchester walipanda mlima wa Kinder Scout kwa makusudi, wakijua kuwa wanaingia ardhi ya mabwana waliyoifunga kwa ajili ya kuwinda ndege, na baadhi yao walifungwa jela. Hawakuwa na pesa; walikuwa na Jumapili moja na moshi mwingi mapafuni. Kuhusu gharama, tupige hesabu. Pikipiki ya cc 125 au 150 hutumia lita moja kwa kilomita 50 hivi ikiendeshwa kwa upole. Mzunguko wa Westlands, Wangige, Limuru, Tigoni, Banana na kurudi ni kama kilomita 70. Kwa bei ya petroli iliyokuwa Nairobi mwaka 2025, chini ya shilingi 190 kwa lita, hiyo haifiki shilingi 300. Magadi na kurudi, kilomita 220, haifiki 1,000. Kwa pesa hizo, ukumbi wa sinema pale Westlands unakupa kiti kimoja na bisi.

Hata hivyo pingamizi lina kiini ambacho hesabu ya mafuta haikiondoi. Mtu aliyekaa juu ya pikipiki saa kumi na mbili kwa siku, siku sita, huenda siku ya saba asitake kuiona. Mgongo unamuuma, na anataka kulala. Sawa kabisa. Simwambii yeyote apumzike vipi. Ninachokataa ni ile dhana kwamba yeye hawezi kutaka, kwamba macho yake yameumbwa kutazama abiria tu. Jiji hili limewafukuza bodaboda katikati ya mji mara nyingi, kwa amri zinazotoka na kufifia na kutoka tena, na kila mara lugha inayotumika ni ya kuondoa uchafu. Tukishazoea kumwona mtu wa nduthi kama kero, ni rahisi kusahau kwamba ndiye anayezijua njia za Kinoo, Uthiru na Gikuni kuliko ramani yoyote ya simu. Yeye anajua daraja lipi hupitwa na maji Aprili na kilima kipi kinateleza. Siku tutakapokuwa na wageni wa kuongozwa kwenye barabara hizi, viongozi wao wapo tayari, wamekaa steji.

Pingamizi la mwisho ndilo linaloniumiza kichwa, kwa sababu linakaribia kuwa sahihi. Linasema: mashamba gani? Ruaka ni maghorofa. Kinoo ni maghorofa. Wangige inafuata. Ukitoka Westlands leo unaweza kwenda mpaka Kikuyu bila kukosa kibanda cha M-Pesa hata mara moja. Unatuuzia mandhari ya miaka ya 1970. Nakubali nusu yake. Kahawa iliyokuwa ikipakana na jiji upande wa Kiambu imeng'olewa shamba baada ya shamba na kuwa ploti za futi hamsini kwa mia, na barabara ninazozisifu ndizo zilizoifungulia njia hiyo, kwa kuwa nyumba hufuata lami. Lakini hapa ndipo mfano wa Uingereza unapotufundisha jambo ambalo wapenzi wa mandhari zake hawalisemi. Mashamba yale hayakubaki mashamba kwa bahati, wala kwa sababu Waingereza ni watu wa adabu. Miaka ya 1920 na 1930 nyumba zilikuwa zikitambaa kando ya kila barabara iliyotoka London, kama hapa hasa. Bunge likapitisha sheria mwaka 1935 kuzuia ujenzi wa kufuata barabara, kisha sheria kubwa ya mipango ya miji na mashamba mwaka 1947, na ukanda wa kijani ukachorwa kuzunguka miji. Mwaka 1951 Peak District, ambako ule mlima wa Kinder Scout upo, ikawa mbuga ya taifa ya kwanza nchini humo. Ule ua wa Devon unaomfurahisha mtu wa pikipiki una karatasi ya serikali nyuma yake.

Sisi nasi tunazo karatasi. Sheria ya mipango ya matumizi ya ardhi ya mwaka 2019 inazitaka kaunti ziandae mipango ya kuonyesha wapi pajengwe, wapi palimwe na wapi paachwe. Katiba ya 2010 inataka wananchi wasikilizwe kabla ya maamuzi ya namna hiyo. Anayepinga atasema, na ana haki ya kusema, kwamba huwezi kumzuia mzee wa Gikuni kuuza ekari yake ili asomeshe wajukuu, eti kwa sababu mtu wa Westlands anapenda kuipita kwa pikipiki Jumamosi. Kweli, huwezi, na Tigoni imetufundisha mwisho wa kuwapangia watu ardhi kwa ajili ya macho ya wengine. Lakini mzee huyo hauzi kwa sababu amechoka na mahindi na migomba yake. Anauza kwa sababu hakuna chochote katika uchumi wetu kinachomlipa kwa kuwa na shamba kando ya barabara nzuri. Kule Uingereza mwenye shamba ana chumba cha wageni, ana duka la jibini na maziwa, ana baa ya kijiji yenye maegesho ya pikipiki. Hapa, mtu akifika Nyathuna na kiu, atapata soda moto na benchi. Watu kumi wenye pikipiki wakipita kila wikendi wakinunua chai, mahindi ya kuchoma na plamu za Limuru, haitoshi kushindana na bei ya ploti, sijidanganyi. Ni mwanzo wa hoja tu, na hoja inahitaji watu wa kuisema mahali inaposikika. Serikali za kaunti za Kiambu na Kajiado hulazimika kuita wananchi zinapoandaa mipango yao. Mikutano hiyo kwa kawaida huwa siku ya kazi, asubuhi, katika ukumbi wa kanisa au wa chifu, na mawakala wa ploti hufika mapema wakakaa mbele.